Muhogo mtamu unawezaje kuzaa mchungu?

SWALI: Ndugu Mhariri, shamba langu lipo Muheza, na kwa miaka mingi nimepanda muhogo mtamu wa aina moja kwa pingili. Mwaka jana mche uliota wenyewe chini ya mihogo iliyochanua, nikauacha ukue. Nilipoung'oa, mizizi yake ilikuwa michungu. Imekuwaje? Tena, ikiwa pingili zinatosha, muhogo unahitaji mbegu za nini?
Mkulima, Muheza

JIBU: Ndugu mkulima, nashukuru kwamba uliutazama mche huo badala ya kuupiga jembe. Kinachotatanisha kwanza ni neno lenyewe, kwa kuwa wakulima wengi huita pingili "mbegu", hali pingili ni kipande cha mwili wa mmea ule ule. Ukate shina la sentimita 25 hivi, utomvu mweupe utachuruzika na kukauka. Ukilifukia, macho yake huchipua majani, na upande uliokatwa hutoa mizizi. Hapo hapakuwa na chavua wala yai, hivyo vinasaba vya mmea mpya ni vile vile vya shina ulilokata. Huo ni uzazi usio wa kijinsia, kama wa mgomba unaotoa machipukizi au wa bakteria anayejigawa.

Mche wako ulizaliwa kwa njia ya kijinsia. Katika kishada cha maua ya muhogo, maua ya kike yaliyo chini hufunguka kwanza, na ya kiume yaliyo juu hufuata baada ya wiki moja au mbili, ndiyo maana mara nyingi wadudu huleta chavua ya mmea mwingine, pengine wa shamba la jirani. Seli za muhogo zina kromosomu 36. Chavua huleta 18, yai hutoa 18, na mchanganyiko huo huwa mpya kwa kila mbegu. Tunda likikauka hupasuka na kurusha mbegu tatu, ambazo ni ndugu lakini hazifanani. Huenda baba wa mche wako alikuwa muhogo mchungu, au uchungu ulikuwa umejificha kwa mama mwenyewe. Mizizi ya namna hiyo usiitafune mibichi, kwa sababu mara nyingi uchungu ni dalili ya sumu nyingi ya sayanidi.

Kuhusu swali lako la pili, pingili hutunza utamu, lakini hutunza na maradhi. Virusi vya batobato na vya michirizi ya kahawia vikishaingia shinani husafiri ndani ya vipande unavyokata na kumpa jirani, na shamba lenye vinasaba vya aina moja isiyostahimili huweza kuugua lote. Dawa ya hilo ilitafutwa karibu na kwako. H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyeeleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936, alikuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara. Hapo watafiti waliuchavusha muhogo kwa mti wa mpira wa Ceará, jamaa yake kutoka Brazil, kisha wakaichavusha miche iliyopatikana kwa muhogo tena, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikawa ya kulika tena. Ustahimilivu wa maradhi uliopatikana hivyo usingepatikana kwa kukata pingili, hata zingekuwa elfu. Mche bora ulipopatikana, hata hivyo, ni pingili zilizousambaza: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba Kaleso ya pwani ya Kenya na Namikonga ya kusini mwa Tanzania ni mmea mmoja uliotoka Amani, wenye majina mawili tu.

Kwa hiyo mche mwingine ukiota wenyewe, uache ukomae. Kagua majani yake kama yana mabaka ya manjano, upasue mzizi uone kama una madoa ya kahawia, kisha uupike uuonje. Ukikupendeza, kata shina lake siku hiyo hiyo upande pingili zake mahali pa peke yake, kwa maana mbegu zake hazitakurudishia mmea ule ule tena.