Siku Tulivu ya Skii Arapahoe Basin, Mwanzoni mwa Msimu

Colorado, msimu wa skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni, huanza kabla milima haijafunikwa yote na theluji. Mara nyingi Oktoba, wakati miteremko mingine bado ni nyasi na mawe, Arapahoe Basin huwa miongoni mwa vituo vya kwanza kufunguliwa nchini Marekani, kwa kuwa hata chini kabisa kipo zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, na kilele chake kinakaribia mita 3,980, juu kuliko Horombo, ambako wapandaji wa Kilimanjaro hulala.

Kinachofunguliwa siku hizo kwa kawaida ni mteremko mmoja tu, High Noon, ambao ni wa kiwango cha kati. Kwa hiyo anayevaa skii kwa mara ya kwanza ninamshauri asubiri hadi eneo la wanaoanza lifunguliwe. Wewe unayejua tayari kukata kona na kusimama, nenda katikati ya wiki. Mwishoni mwa wiki umati wote hujazana kwenye njia hiyo moja. Jumanne au Jumatano unapata nafasi ya kurudia kona ileile, polepole, mpaka mwili uielewe. Ninaithamini sana nafasi hiyo, kwa sababu katikati ya msimu, mlima ukishafunguka wote, ni wachache wanaokumbuka kufanya mazoezi.

Theluji yenyewe uijue. Nyingi ni ya mashine: usiku wa baridi maji na hewa iliyobanwa hupulizwa kwa pamoja, na matone huganda yakiwa bado hewani. Punje zake ni za mviringo na hushikana, hivyo asubuhi mteremko huwa mgumu kama saruji. Kingo za skii zikiwa butu utateleza kando usikotaka, kwa hiyo mwombe fundi dukani azinoe siku moja kabla. Anza mizunguko ya kwanza taratibu. Siku ya jua, kuanzia saa tano hivi, theluji ya juu hulainika.

Usivuke kamba inayotenga mteremko uliofunguliwa. Nje yake theluji ni haba na mawe yamejificha chini yake. Isitoshe, kuingia kwenye njia iliyofungwa ni kosa kisheria. Sheria ya usalama wa skii ya Colorado, ya mwaka 1979, inamtwika pia anayetoka juu wajibu wa kumkwepa aliye chini yake, jambo la kuzingatia sana mahali ambapo njia ni moja na nyembamba.

Juu namna hii pumzi itakuwa fupi, basi kunywa maji mara kwa mara, na ujipake krimu ya jua hata kama kuna baridi. Mimi huondoka saa nane mchana, kwa sababu kivuli kikishaufunika mteremko, theluji iliyolainika huganda upya, na miguu iliyochoka haina tena nguvu ya kuzikandamiza kingo.