Muulize mgonjwa kama ana safari

Wewe uliyeingia juzi kitengo cha tiba ya nyuklia, ambako wagonjwa hupewa dawa zenye mionzi kwa vipimo au matibabu, chuoni ulifundishwa kumuuliza mgonjwa kuhusu ujauzito na kunyonyesha. Ongeza swali jingine, na uliulize kabla ya sindano: "Una safari karibuni?" Skani nyingi zinaweza kusogezwa siku mbili tatu bila madhara, lakini dawa ikishaingia mwilini hairudi kwenye bomba.

Mgonjwa akitoka kwako, kwa muda fulani yeye mwenyewe ni chanzo cha mionzi. Marekani hasa, tangu mashambulizi ya Septemba 2001, mipakani na mijini kuna vitambuzi vya kunasa nyuklia ya magendo. Vimetengenezwa vione hata kilichofichwa nyuma ya chuma cha kontena, ndiyo maana mionzi kidogo tu, isiyomdhuru hata jirani wa kiti, inavipigisha kelele. Usivichanganye na lile geti la kuvulia mkanda. Lile linatafuta chuma, mionzi hailihusu. Mtu anaweza kulipita salama, akashusha pumzi, kisha akasimamishwa mbele na askari mwenye kifaa kidogo kiunoni.

Mwaka 2002 madaktari wa New York waliandika habari za mgonjwa wao wa miaka 34, aliyetibiwa tezi ya shingo kwa iodini-131. Wiki tatu baadaye alirudi kliniki kulalamika: alikuwa amesimamishwa mara mbili kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, Manhattan, akavuliwa nguo na kupekuliwa. Mwaka uliofuata tume ya udhibiti wa nyuklia ya huko, NRC, ikawakumbusha wenye leseni kwamba wagonjwa wa aina hii wanaweza kuwasha ving'ora.

Hesabu ya siku unaijua, ila jizoeze kuisema kwa lugha ya mgonjwa. Teknetiamu-99m, ile ya skani nyingi, hupungua nusu kila saa 6, kwa hiyo ndani ya siku 3 imepungua nusu mara 12, imebaki chini ya sehemu moja ya elfu nne. Florini-18 ya skani ya PET haimalizi siku. Thaliamu-201 ya moyo inaweza kugundulika mpaka siku 30. Iodini ya matibabu ndiyo sugu: hupungua nusu kila siku 8, na kitambuzi kikali kinaweza kuiona hadi siku 95. Usimwambie mzee "baada ya wiki moja utakuwa sawa" kwa sababu tu masharti ya kukaa mbali na watoto yamekwisha. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kisha mwandikie barua. Iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kipimo au tiba aliyopewa, isotopu (aina ya kitu chenye mionzi, kama iodini-131), kiasi na tarehe. Hapa ndipo nawaona vijana wakiharakisha: wanafungua barua ya jana, wanabadilisha jina, wanaprinti. Maofisa wana kifaa cha mkononi kinachosoma nishati ya miale na kutaja isotopu yenyewe. Barua ikisema teknetiamu, ambayo miale yake ina nishati ya 140 keV (kipimo cha nishati), na kifaa kikionyesha 364 za iodini, umemtia mgonjwa matatani kuliko angekwenda mikono mitupu.

Mwambie pia barua ikae mfukoni pamoja na pasipoti. Wazee wetu hupenda kuikunja vizuri na kuiweka begi kubwa, lile linaloingia kwenye mizigo ya ndege. Na kama anatumia nepi, familia ijue kwamba mkojo nao hubeba mionzi, na huko Marekani hata lori la taka hupimwa likifika dampo.

La mwisho ni namba ya simu ya kuweka kwenye barua, ofisa wa huko akitaka kuhakikisha. Saa tisa alasiri ya New York kwetu Dar es Salaam ni saa nne au saa tano usiku. Andika namba ya aliye zamu, siyo ya mapokezi yanayofungwa saa tisa na nusu.