Risiti yenye jina la mwenzake

SWALI: Mhariri, nimeunda programu ya michango ya chama chetu kwa Java na Spring, mfumo wa kuundia programu za Java. Nikiijaribu peke yangu haina kasoro, lakini wanachama wengi wakilipa kwa pamoja, kuna anayepokea risiti yenye jina la mwenzake. Je, niifunge methodi ya kulipa kwa kufuli, ili ombi moja tu liipitie kwa wakati mmoja?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, kufuli ningeliacha kwanza. Usipoiagiza vinginevyo, Spring huunda objekti moja tu ya kila huduma na kuipachika popote inapohitajika, ilhali seva ya Tomcat inayokuja na Spring Boot hutengea kila ombi uzi wake (mkondo wa utekelezaji unaokwenda sambamba na mingine), hadi nyuzi 200 kwa wakati mmoja kwa mpangilio wa kawaida, na zote hupitia objekti hiyo hiyo. Dalili unazozieleza zinaonyesha kwamba jina la mlipaji umelihifadhi katika kigeu cha klasi, ambacho nyuzi zote hukitumia kwa pamoja. Ombi la kwanza huandika jina, kisha husubiri jibu la hifadhidata. Kabla halijarejea, ombi la pili huandika jina jingine papo hapo, na risiti ya kwanza hutoka na jina la pili. Ukijaribu peke yako hulioni, kwa kuwa hakuna wa kupishana naye.

Kufuli linaloanzia kwenye kuandika jina hadi risiti itoke litaziba tatizo, ila wanachama wote watapanga foleni nyuma ya mlipaji mmoja. Lipitishe jina kama kigezo cha methodi, na hesabu zote zikae katika vigeu vya ndani ya methodi, ambavyo kila uzi huwa na vyake. Klasi ibaki na vitu visivyobadilika tu.

Wengi hukimbilia upeo wa prototipu, yaani kuiagiza Spring iunde objekti mpya kila inapoombwa, nami siupendekezi hapa: prototipu ikipachikwa ndani ya huduma ya kudumu, ile yenye objekti moja tu, huundwa mara moja tu, huduma hiyo inapoundwa, na tatizo hubaki lile lile. Upeo wa ombi, yaani objekti moja kwa kila ombi, hufanya kazi, kwa sababu kinachopachikwa ni wakala anayetafuta objekti ya ombi linaloendelea. Guice, maktaba nyingine ya Java inayopachika objekti kama Spring, kwa upande wake, huunda objekti mpya kila inapoombwa, isipokuwa umeiambia vingine.

Kagua pia tarehe za risiti. Kama SimpleDateFormat, klasi ya Java ya kupanga mwonekano wa tarehe, imewekwa katika kigeu cha klasi, nayo si salama kwa nyuzi nyingi. Tumia DateTimeFormatter, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014.