Penalti na kadi nyekundu: lini zinakwenda pamoja?

SWALI: Mhariri, beki alimkwatua mshambuliaji aliyebaki yeye na kipa, ndani ya eneo la penalti. Refa akaweka penalti, akatoa kadi ya njano. Kijiweni tunabishana: beki wa mwisho si lazima atolewe? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Sheria haimtambui "beki wa mwisho". Sheria ya 12 ya soka inauliza kama faulo imeua nafasi ya wazi ya kufunga, na refa anapima mambo manne: umbali kutoka pale hadi golini, mchezo ulikuwa unaelekea wapi, mshambuliaji angeuwahi mpira au la, na mabeki wengine wako wangapi na wamesimama wapi. Mtu anaweza kuwa beki wa mwisho na nafasi isiwe ya wazi, kwa mfano mpira unapokimbilia kwenye kibendera cha kona.

Nafasi ikiwa ya wazi na faulo ikatokea nje ya eneo la penalti, ni nyekundu, hata kama beki aliutaka mpira kwa moyo wote. Ndani ya eneo, tangu 2016, kuna swali la pili: alikuwa anauwania mpira? Aliyetelezea mpira akachelewa anapata njano. Aliyevuta jezi, aliyesukuma, aliyemkumbatia mpinzani, au aliyekuwa mahali ambapo mpira haufikiki kabisa, anatoka. Kwa hiyo kama beki wenu aliufuata mpira, refa alikuwa sahihi.

Kabla ya hapo kosa moja lilizaa adhabu tatu: penalti, kadi nyekundu na kufungiwa mechi inayofuata. Penalti ya mita 11 inarudisha ile nafasi, tena pengine ikiwa nzuri zaidi, maana takriban robo tatu ya penalti huingia. Friikiki ya mita 20 yenye ukuta mbele hairudishi kitu, ndiyo maana nje ya eneo nyekundu imebaki. Kwetu mgawanyo huu ni wa haki. Tatizo lake moja ni kwamba dakika za mwisho beki mjanja anaweza kujirusha miguuni kwa mtu akijua gharama yake ni njano tu. Lakini akijirusha kwa nguvu za kuumiza, hiyo ni rafu mbaya na nyekundu yake haina mjadala wa nafasi wala mpira.

Mechi ya Ligi Kuu ya England kati ya Wolves na Arsenal ya Februari 2, 2021 ina mifano miwili kwa mpigo. David Luiz, beki wa Arsenal, alikuwa nyuma ya Willian José wa Wolves, wakagusana miguu, mshambuliaji akaanguka. Mguso ulikuwa mdogo na wengi walilalamika, ila Luiz hakuwa ameucheza mpira: penalti na nyekundu, na rufaa ya Arsenal ikakataliwa. Kipindi cha pili kipa wa Arsenal, Bernd Leno, akaugusa mpira kwa mkono nje ya eneo lake, naye akatolewa. Wolves walishinda 2-1.

SWALI: Na mchezaji akiunawa mpira kwenye mstari wa goli? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Akiunawa kwa makusudi, ni penalti na nyekundu, hoja ya "niliutaka mpira" haimsaidii. Waghana wanalijua hili kwa uchungu: Julai 2, 2010, kwenye Kombe la Dunia, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mikono mpira uliokuwa unaingia golini dakika za mwisho za nyongeza, akatolewa, Asamoah Gyan akagonga mwamba, na Ghana ikatolewa kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti baada ya sare. Tangu msimu wa 2024/25, kunawa kusikokuwa kwa makusudi, kama mkono uliotanuka ukakutana na shuti, ni penalti na njano.

SWALI: Ninachezesha mechi za mtaani, hakuna VAR (refa msaidizi wa video). Nifanyeje nisikosee? – Refa chipukizi, Tanga

JIBU: Piga kipenga, mikono iache mbali na mfuko. Refa anayechomoa kadi huku anakimbia huwa ameamua kwa kelele za mashabiki. Jiulize kwanza kosa lilitokea ndani au nje, na msaidizi wako akusaidie hapo. Beki akianza kuvuta jezi nje na kuendelea hadi ndani, ni penalti, na kwa kuwa alivuta, ni nyekundu kama nafasi ilikuwa ya wazi. Kisha pima yale mambo manne. Moja likikosekana, nafasi haikuwa ya wazi. Ikiwa ni shambulizi zuri tu na beki aliuwania mpira, toa penalti bila kadi yoyote. Hapa marefa wengi hutoa njano kwa mazoea.

Kipa hana sheria yake ya pekee: akiupigia mbizi mpira akamwangusha mtu, ni njano, akimshika mguu aliyekwisha kumpita, ni nyekundu.

SWALI: Refa akiacha mchezo uendelee na goli likafungwa, beki aliyefanya faulo anatolewa? – Msomaji, Kampala

JIBU: Hapana. Nafasi haikufa, kwa hiyo ni njano mpira ukitoka mchezoni. Kama ni shambulizi zuri tu lililozuiwa, hakuna kadi.