Gawio linajinunulia hisa, kodi nalipa mimi?

*Anti shikamoo. Mimi ni nesi, niko Minneapolis. Nina hisa 100 za Coca-Cola nilizonunua kwenye app ya broka, nikawasha kile kitufe cha gawio (ile faida kampuni inayowagawia wenye hisa) kununua hisa zingine lenyewe. Sijawahi kutoa hata senti. Sasa nimeletewa fomu ya 1099-DIV, ile ya kodi inayoonyesha magawio, inasema mwaka jana, 2025, nimepata dola mia mbili na kitu. Nimepata wapi wakati pesa yenyewe sijaigusa? Na je niendelee hivihivi au nizime?*

Marahaba mwanangu. Pole, ila fomu iko sahihi. Kwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, gawio ni lako siku lilipolipwa, ukilitoa ukanunua viatu au ukaliacha likanunua hisa wao wanaona ni kitu kilekile, umelipwa. Hesabu yako ni hii: mwaka 2025 Coca-Cola walitoa senti 51 kwa kila hisa, mara nne kwa mwaka, so hisa zako 100 zinaleta dola 51 kila awamu na kitufe chako kinazichukua zote palepale. Kama bei siku hiyo ni dola 68 unapata robo tatu ya hisa, na awamu inayofuata unalipwa kwa hisa 100.75 badala ya 100. Unaweza kucheka, robo tatu ya hisa kitu gani bwana, lakini ndo inavyokua hivyo miaka kumi na tano ishirini, hisa zilizozaliwa nazo zinazaa.

Sasa kodi. Kwenye hiyo fomu angalia kisanduku 1a na 1b. 1a ni magawio yote, kilichoandikwa 1b ndo gawio la kodi nafuu, na kwa hisa kama hizi ulizokaa nazo muda mrefu kawaida zinalingana. Kwa mwaka 2025 mtu ambaye hajaoa wala kuolewa na mapato yake yanayotozwa kodi hayazidi dola 48,350 analipa sifuri kwenye hilo gawio, akizidi hapo wengi wanaangukia asilimia 15, yaani kwako dola thelathini hivi, na jimbo la Minnesota nalo lina chake. Sio hela ya kukosea usingizi. Shida ni kwamba inatoka kwenye mshahara wako maana gawio lenyewe limeshageuka hisa lote, na kadiri hisa zinavyoongezeka na hiyo bili inaongezeka, kwa hiyo tenga kidogo mapema usisubiri mwezi wa nne. Ukitaka kukwepa kihalali kabisa, mambo haya yafanyie ndani ya Roth IRA, yaani akaunti ya akiba ya uzeeni, humo gawio linanunua hisa mwaka hadi mwaka na fomu hiyo haikufuati.

Ila mimi kodi ya kila mwaka hainitishi kama ile ya siku ya kuuza, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kila gawio lililonunua hisa ni pesa uliyoiweka wewe, na umeshailipia kodi. Tuseme ulinunua kwa dola 6,000, magawio ya miaka yote yakanunua za dola 1,200, halafu ukauza zote kwa 9,000. Faida yako ni 1,800. Watu wengi wanaandika 3,000 kwa sababu wanakumbuka ile 6,000 tu ya mwanzo, wanailipia ile 1,200 kodi mara ya pili na hakuna atakayewapigia simu kuwaambia. Broka siku hizi anakutunzia hizo rekodi, sawa, lakini ukihama broka, au kama hisa ulipewa zawadi na mtu aliyekuwa akinunulia gawio hisa kupitia mpango wa kampuni yenyewe tangu zamani, hapo ndo makaratasi yanapotea. Kila Januari pakua statimenti ya mwaka iweke kwenye e-mail yako, basi. Na ukihama broka ujue vile vipande vya hisa havihami, vinauzwa unapewa cash, usije ukashtuka umeibiwa.

Kuhusu kuendelea au kuzima, jiulize swali moja: leo ukipewa dola 51 mkononi, ungeenda kununua Coca-Cola? Kama ndo kampuni pekee uliyonayo mi ningezima, nikaacha magawio yarundikane kidogo nikanunua mfuko wa index, yaani mfuko mmoja wenye hisa za makampuni mia tano kwa pamoja, maana hicho kitufe hakiangalii bei wala hakijui una nini kingine, kinanunua tu. Kama una vingine vingi, acha kiendelee. Na siku ukiamua kuuza kwa hasara zima kwanza, maana gawio likinunua hisa hizohizo ndani ya siku 30 kabla au baada ya kuuza, sehemu ya hiyo hasara IRS hawakuruhusu kuitumia mwaka huo.

*Habari anti. Niko Dar, nina hisa 10,000 za CRDB, gawio likiingia benki naishia kulila. Nasikia wenzetu Marekani linanunua hisa lenyewe. Nihamie kununua za huko?*

Taratibu kaka. Ukinunua hisa za Marekani ukiwa Dar, gawio linakatwa asilimia 30 kulekule kabla halijakufikia, Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kulipunguza. Zile dola 51 za mwenzako hapo juu kwako zingebaki 35.70. Kwenye hisa za DSE, soko la hisa la Dar, unakatwa asilimia 5 tu imeisha. Gawio la mwaka 2024 CRDB walitoa shilingi 65 kwa hisa, kwako ni 650,000, toa kodi inabaki 617,500. Hiyo ni hela ya kununua hisa za maana kabisa, tatizo inaingia akaunti ileile ya kodi ya nyumba na vocha. Fungua akaunti nyingine isiyo na kadi, peleka namba yake kwenye taarifa zako za hisa, halafu broka wako mwandikie kabisa kwamba gawio likiingia utamtumia anunue. Huku hisa hazikatwi vipande, chenji inayobaki iache humo isubiri ya mwakani. Na kama unajijua mkono mwepesi, mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, haukupi gawio kabisa, faida inabaki ndani bei ya kipande (ndo wanavyoita sehemu yako ya mfuko) inapanda, huna cha kula mpaka uuze.