Maswali ya Wasomaji: Magofu yote siku tatu, tutaweza?

SWALI: Assalaam aleikum Bi Msafiri. Sisi ni marafiki sita tumemaliza kozi pamoja, tunataka tukodi gari tuzunguke ngome na magofu ya pwani kabla kila mtu hajashika njia yake. Kwenye listi tumeandika Fort Jesus, Jumba la Mtwana, Mnarani, Gede, mnara wa Vasco da Gama hapa kwetu, afu tupande Lamu tuone ngome, Takwa na Siyu. Tuna siku tatu. Mwenzetu mmoja alietembea Uingereza akaona makasri na abasia za kule, zile nyumba kubwa za watawa, anasema tunapoteza petroli bure, eti zetu ni kuta tu. Je itawezekana, na huyu tumjibu nini? (Wa Maweni, Malindi)

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kuyapita yote mtayapita, kuyaona hapana. Hiyo listi yenu imepangwa kwa ramani ya simu, mtu anatazama kilomita anasema aa Malindi na Mombasa si mbali, kama kilomita 120 tu, na Lamu ni mia mbili na ushei, basi. Huku kwetu kinachopanga safari ni jua na maji. Magofu mengi hayana kivuli, ikifika saa sita mchana utawaona wenzako wote wamekaa chini ya mti wanaangalia simu, na visiwani hata uwe na pesa vipi boti haipiti mahali ambapo maji yamekupwa.

Mi ningekata kusini yote. Fort Jesus, Jumba la Mtwana na Mnarani ni barabara moja, wekeni wikendi nyingine muendee mpaka Mombasa mkirudi mnasimama Mtwapa na Kilifi. Hizo siku tatu, ukiacha Gede ambayo iko hapa karibu, zielekezeni kaskazini, na kama mtaeza kuomba siku ya nne ombeni, mana hapo Siyu bado sijaihesabu. Siyu iko kisiwa cha Pate, nayo inataka siku yake peke yake.

Siku ya kwanza nendeni Gede asubuhi na mapema, na msiende mkapiga selfi mkatoka. Mji ule ulishamiri miaka ya 1400 na kitu, ukahamwa mwanzoni mwa miaka ya 1600, ukaachiwa msitu. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948 na nyumba nyingi zikapewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani, kuna Nyumba ya Mkasi, kuna ya Sarafu za Kichina, kuna ya Kauri. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra ambao ni 1399, hilo ndilo linalosaidia kupiga hesabu ya umri wa vitu vingine. Tazameni vyoo vya ndani na mahali pa kutawadhia, tazameni visima, inasemwa maji yaliposhuka ndio moja ya mambo yaliyowatoa watu pale, pamoja na mashambulizi. Mwaka 2024 UNESCO wameiingiza kwenye urithi wa dunia kwa hiyo wageni wameongezeka. Na chakula fungeni vizuri, wale kima hawana aibu hata kidogo.

Sasa huyo mwenzenu wa kuta tu. Msibishane nae, mwingizeni chumba chochote pale kwenye jumba la mfalme mwambieni apime kwa hatua, ukuta hadi ukuta. Ataona chumba ni kirefu lakini chembamba, na cha pili hivo hivo, na cha tatu. Sababu ni boriti. Paa lilikuwa bapa, mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya kubeba mzigo ule haifiki mbali, basi upana wa nyumba nzima umeamuliwa na mti wa mkoko. Chokaa ikikosa wa kuipaka mvua inapenya, boriti zinaoza, paa linashuka lote. Afu muulizeni huko alikotembea kama aliiona abasia ya Fountains kule Yorkshire, ilianzishwa 1132 na kanisa lake kubwa halina paa mpaka leo. Kule haikuwa mvua, alikuwa ni mfalme Henry wa nane aliefunga nyumba za watawa, hiyo ya Fountains ikafungwa 1539, na madini ya risasi yaliyoezekea mapaa yakabanduliwa yakayeyushwa yakauzwa. Kwa hiyo na yeye alilipa nauli ya ndege kuona kuta tu.

Jioni rudini Malindi mjini, mnara wa Vasco da Gama ni wa upepo wa jioni. Siku ya pili tokeni alfajiri kwenda Lamu, mnapita Garsen na Witu mpaka Mokowe, gari mnaiacha hapo mnavuka na boti kwa sababu Lamu mjini si mji wa magari, ni miguu na punda. Siku ya tatu ni ya ngome na Takwa. Bebeni vitambulisho kila mtu mkononi mwake maana vizuizi vya polisi viko njiani, na hiyo barabara msiiendeshe usiku kabisa, dereva akiwaambia nitawahi mwambieni lala. Vitambulisho hivo hivo mtavihitaji mlangoni kwenye makumbusho, bei ya Mkenya na ya mgeni ni mbali mbali, na malipo siku hizi ni kwa simu.

SWALI: Bi Msafiri mimi niko Langoni, Lamu. Nina wageni wa bara watakuja siku za mwezi mpevu, nataka niwapeleke Takwa. Nahodha ananambia tutoke alfajiri la sivyo tungoje alasiri, saa nne asubuhi hataki kabisa. Mi naona anataka kuongeza bei tu, ama vipi?

JIBU: Nahodha wako yuko sawa dadangu, mlipe. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kutoka sana, na bamvua huku kwetu maji hujaa alfajiri na alasiri, saa nne saa tano asubuhi yamekupwa kabisa. Takwa iko kisiwa cha Manda na kuifikia unapita mkondo wa mikoko, maji yakitoka boti inakaa matopeni na wageni wa bara watakaa nayo na viatu vyao vyeupe. Kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo wakija juma moja baadae, wakati wa maji mafu ambapo kujaa na kutoka kwake ni kidogo, hiyo saa nne yako itafaa. Mkifika msiishie kwenye kaburi la mnara la mwaka 1683, nendeni msikitini mtazame juu ya kibla, kuna nguzo imesimama juu ya ukuta, kitu ambacho si kila msikiti wa kale unacho. Watu waliohama pale wanasemekana kuvuka kuja Shela, na watu wa Shela mpaka sasa huenda Takwa kuomba mvua, kwa hiyo waambie wageni wako wavae vya heshima.

SWALI: Nafundisha historia Watamu. Wanafunzi wameona picha za abasia za Ulaya wakaniuliza kama Malindi watawa walijenga yao. Nikawaambia nitauliza.

JIBU: Mwalimu, abasia hapana. Lililopo ni kanisa dogo la Wareno pale karibu na bahari, limeezekwa makuti, dogo hasa, mtu anaeza kulipita akadhani ni banda. Mmishonari Francis Xavier alishuka Malindi 1542 akielekea Goa, akazika baharia pale.

Lakini kama wanataka habari za watawa, wape ya Yusuf bin Hassan, hiyo ndio itawakalisha kimya. Wareno walijenga Fort Jesus kuanzia 1593, na mtawala wa Malindi ambae alikuwa rafiki yao akahamia Mombasa. Urafiki ukaharibika, sultani Hassan akauawa, na mwanawe Yusuf akapelekwa Goa akalelewa na watawa wa Augustino, wakambatiza wakamwita Jerónimo. Akarudishwa Mombasa akiwa mfalme Mkristo. Mwezi wa Agosti 1631 akaingia ngomeni akamuua kapteni wa Kireno kwa mkono wake, akarudi kwenye Uislamu, na Wareno wa mji wakauawa. Wanafunzi wako wakifika Fort Jesus waambie huyo ni mtoto wa ukoo wa Malindi, wasimtafute kwingine.

SWALI: Kuna mtu ananibishia ati ngome ya Lamu ilikuwa jela. Kweli? (Kijana wa Mkomani)

JIBU: Kweli. Ilianza kujengwa 1813 baada ya vita vya Shela, Lamu walipopigana na Pate na Mombasa, ikamalizika 1821, na kuanzia 1910 mpaka 1984 ikawa jela. Fort Jesus nayo ilikuwa jela mpaka 1958. Hiyo yenu ya Lamu siku hizi ina makumbusho na maktaba, unakaa hatua chache tu kutoka hapo, ingia usome upate cha kumbishia zaidi.