Muulize Fundi: CX-5 ya petroli au ya dizeli?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaagiza Mazda CX-5 ya mwaka 2014 kutoka Japani. Tumepata mbili, ya petroli 2.0 na ya dizeli 2.2. Shemeji yangu wa Makambako anayo ya dizeli na anasema petroli ni kupoteza hela. Muuzaji naye ameandika kwamba dizeli inakwenda kilomita 18.6 kwa lita. Nakaa Kimara, kazi yangu Posta, watoto nawashusha shule njiani. Desemba tunakwenda Moshi. Tuchukue ipi? Na ile ya 2.5 je?
– Mama wa watatu, Kimara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua ya petroli, 2.0.

Shemeji yako hakudanganyi. Ile dizeli ni tamu: msokoto wake, yaani nguvu ya kuvuta, ni Nm 420, petroli ya 2.0 ina 196. Mlima Kitonga anaupanda huku anapiga stori. Lakini yeye akitoka Makambako anakaa barabarani saa nzima bila kugusa breki. Wewe ukitoka Kimara unagusa breki kabla hujafika Ubungo.

Tatizo liko kwenye egzosi. Dizeli hiyo ina chujio la kunasa masizi. Likikaribia kujaa, kompyuta inaongeza dizeli kwenye silinda ili joto lipande na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka gari litembee mfululizo, dakika kumi na tano hivi, kwa mwendo wa kueleweka. Katikati yake wewe umefika shule, umezima. Jioni inaanza upya, umefika nyumbani, umezima. Ile dizeli ya ziada isiyoungua inateleza kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye oili.

Mwezi uliopita nililetewa moja ya hivyo, mwenyewe anakaa Tabata. Nikachomoa stiki ya oili. Stiki ya injini hii, juu ya alama ya kujaa, ina alama ya X. Oili ikifika hapo imwagwe. Yake ilikuwa imeipita X, nyepesi kama chai ya rangi, na ukinusa ni sheli kabisa. Alikuwa anafurahi eti gari lake halili oili! Oili iliyochanganyika namna hiyo hailindi tena injini wala tabo (turbo). (Wapo mafundi watakaokushauri chujio litobolewe. Moshi wake watavuta watoto wa wenzako, na mimi kazi hiyo siifanyi.)

Hiyo 18.6 ni ya kipimo cha Japani cha JC08: gari liko juu ya rola, kiyoyozi kimezimwa. Wewe jaribu kuzima kiyoyozi Februari pale Manzese. Mimi napima hivi: unajaza mpaka nozeli ijikate, unarudisha kilomita kwenye sifuri, unatembea, unajaza tena pampu ileile. Petroli 2.0 ya mteja wangu mmoja, kwa foleni tupu, ilitembea kilomita 387 kwa lita 43. Ni 9 kwa lita. Gari hilohilo lilikwenda Moshi likapata karibu 14, na hakuongeza mafuta njiani. Tangi lake ni lita 56. Dizeli niliyoipima mjini ilipata 12.

Kwa hiyo dizeli inaokoa, sikatai. Ukitembea kilomita 10,000 kwa mwaka, petroli itakula lita 1,111, dizeli 833. Lita 278 ndiyo faida yako yote. Piga kwa bei ya EWURA ya mwezi huu, halafu ulizia bei ya nozeli nne za injini ya dizeli na kusafisha chujio. Utanipigia mwenyewe.

Ya 2.5 achana nayo. Nyingi zinazotoka Japani zinavuta magurudumu yote manne, ni uzito unaoubeba bure kwenye lami, na injini ikivuka cc 2000 ushuru wa bidhaa unapanda. Ya 2.0 ina cc 1997, imepona chupuchupu.

Ukiagiza, tafuta yenye rimu za inchi 17. Tairi za 19 ni ghali na mashimo ya mtaani hazina urafiki nayo. Betri usidanganyike na ya bei rahisi. Gari hili hujizima lenyewe kwenye taa nyekundu ili kuokoa mafuta, na linataka betri maalumu, imeandikwa Q-85. Ingawa kwa joto la Dar, kiyoyozi kikiwa kinahangaika, mara nyingi hata halitajizima.

Shemeji abaki na dizeli yake, inamfaa. Ila akija Dar akakaa wiki mbili kwenye foleni, mwambie apitie gereji tuchomoe stiki.